Mwakani: baba, mimi na Mabaharia wa Seattle

Wale mliosikiliza kipindi kilichopita mnajua niliahidi kuandika kuhusu besiboli, na mlisikia jinsi wenzangu walivyonicheka. "Besiboli kwa Kiswahili? Nani atasoma?" Basi ndugu zangu wa London na Maskati ambao hamjawahi kuutazama mchezo huu hata dakika tano, msikimbie, nitawaeleza taratibu. Na nyie wa New York na Los Angeles wenye makombe mpaka kabati halifungi, leo sogeeni kidogo mtupishe. Nazungumzia Seattle Mariners, timu pekee kati ya 30 za ligi kuu ambayo haijawahi kuingia World Series, ile fainali ya kila mwaka. Sisemi kubeba kombe. Hata kuicheza tu hiyo fainali hatujawahi.

Msimu wa 2026 unaanza mwisho wa mwezi huu, siku chache baada ya Idi. Mashabiki wengi wa hapa wanasema huu ndio mwaka wetu. Nyumbani kwetu tuna sababu nyingine ya kuomba iwe hivyo: huu ni msimu wa mwisho wa baba hapa Seattle.

Msishtuke, mzee ni mzima wa afya. Anarudi Tanga, yeye na mama, moja kwa moja. Tiketi ni za katikati ya Novemba. Nilipouliza kwa nini Novemba, alinitazama kama mtu asiye na akili. "World Series si inakuwa imekwisha?"

Jina ndilo lililomkamata

Baba alifika Seattle mwanzoni mwa 1994, na baada ya miezi michache akawa anaendesha teksi ya uwanja wa ndege. Besiboli alikuwa haijui kabisa. Yeye amekulia Tanga, Coastal Union damudamu, na mchezo wa kupiga mpira kwa gongo aliouona ulikuwa kriketi tu, tena kwa mbali.

Siku moja akampakia abiria aliyevaa kofia yenye picha ya dira. Baba akauliza, hiyo dira ya nini? Yule bwana akamweleza kwamba ni timu ya mji huu, jina lake maana yake ni watu wa meli. Baba akasema, "Kumbe mabaharia!" Babu yangu alikuwa baharia, mtu wa kuondoka na meli na kurudi baada ya miezi. Baba anasema hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mpaka leo nyumbani kwetu hakuna Mariners, kuna Mabaharia. Mimi nilipokuwa mdogo nilidhani wanachezea melini kweli.

Kisha ikaja redio. Dereva wa teksi kazi yake kubwa ni kusubiri, na pale kwenye foleni ya uwanja wa ndege madereva walikuwa wanasikiliza KIRO, ambako Dave Niehaus alikuwa anatangaza mechi. Niehaus alitangaza tangu mechi ya kwanza kabisa ya timu mwaka 1977 hadi alipofariki Novemba 2010. Leo ana sanamu yake ndani ya uwanja, ameketi na vipokea sauti vyake masikioni. Baba alijifunza Kiingereza kwa mtu huyu. Sifanyi mzaha. Darasa la jioni alikwenda wiki tatu akaacha, lakini Niehaus alimsikiliza miaka kumi na sita. Ndiyo maana mpaka leo bili ya umeme ikija kubwa, baba anatoa miwani, anaitazama tena, na kusema "My, oh my" kwa sauti ileile ya redioni.

Mchezo wenyewe, kwa Kiswahili cha dereva

Sasa nyie wa Maskati, nisikilizeni. Kila timu inapata zamu tisa za kupiga. Mtupaji anarusha mpira, mpigaji anajaribu kuupiga, na nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji. Ukiupiga vizuri unakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu unarudi palepale ulipoanzia, panapoitwa nyumbani. Ukifika nyumbani, pointi moja. Ukiupiga mpira ukavuka uzio, hiyo ni homrani, unazunguka vituo vyote kwa raha zako. Wapigaji watatu wakitolewa, zamu yenu imekwisha.

Hayo maneno ni ya baba. Yeye dereva, kwa hiyo besi akaziita vituo. Na kutolewa hakukuita kutolewa, alitumia neno la utotoni, la kwenye rede: kufa. Mpigaji akikosa mpira mara tatu, amekufa. Mpira ukidakwa hewani, amekufa. Timu inayofungwa inakuwa imekufa mara 27, watatu watatu kwa zamu tisa.

Nikiwa na miaka sita bibi alipiga simu kutoka Tanga. Baba alikuwa chooni, nikapokea mimi. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, hamjambo huko?" Nikamjibu kwa ufasaha wote niliokuwa nao: "Hatujambo bibi, lakini jana watu wetu ishirini na saba wamekufa." Simu ikawa kimya. Kisha nikasikia, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un!" na watu wanaitana nyuma yake. Baba alitumia kadi nzima ya simu kuwatuliza.

Mama naye alikuwa na kesi yake. Baba alikuwa akipaza sauti sebuleni, "Griffey kashika gongo! Leo gongo linamkubali!" na mama, ambaye kwao gongo ni kile kinywaji cha kificho, alikuwa anafunga dirisha ili jirani wa Kitanzania asisikie.

Kwa hiyo nikisema nimejifunza Kiswahili kwa besiboli, naomba mniamini. Wenzangu walipewa hadithi za sungura na fisi. Mimi nilikaa kiti cha nyuma cha teksi, Niehaus anasema kwa Kiingereza, baba anarudia kwa Kiswahili, na mimi nikameza vyote viwili.

Timu iliyozaliwa kwa kesi mahakamani

Kabla ya Mabaharia, Seattle iliwahi kuwa na timu nyingine ya ligi kuu, Seattle Pilots. Ilicheza msimu mmoja tu, 1969, kwenye uwanja wa Sick's Stadium kule Rainier Valley. Ikafilisika, ikahamishiwa Milwaukee na kuwa Brewers. Pale ulipokuwa uwanja leo ni duka la vifaa vya ujenzi, karibu na kituo cha treni cha Mount Baker, na nje pamewekwa kumbukumbu ya mahali palipokuwa nyumbani, pale anaposimama mpigaji. Mji, kaunti na jimbo wakaishtaki Ligi ya Amerika kwa kuwachukulia timu. Kesi ikamalizwa kwa makubaliano kwamba Seattle ipewe timu mpya, na ndipo wakazaliwa Mabaharia, 1977.

Mechi ya kwanza walifungwa 7-0. Misimu kumi na minne ya mwanzo yote walifungwa mechi nyingi kuliko walizoshinda. Mwaka 1991 ndipo walipomaliza mara ya kwanza wakiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Mwaka uliofuata timu nusura iuzwe ihamie Florida, ikaokolewa na mzee wa Kijapani, Hiroshi Yamauchi, bosi wa Nintendo. Hakuwahi kuja uwanjani kutazama hata mechi moja ya timu yake.

Sasa ndipo baba anaingia, 1994. Mwezi wa saba, vigae vya dari ya Kingdome, uwanja wao wa zamani, vikaanguka, timu ikabidi icheze ugenini. Mwezi wa nane wachezaji wa ligi nzima wakagoma na msimu ukafutwa, hata World Series haikuchezwa. Baba akisimulia anacheka mpaka anafuta machozi. "Nimefika tu, paa limeanguka na wafanyakazi wamegoma. Nikasema ah, hapa nitapazoea."

Oktoba ya 1995

Kama utakumbuka mwaka mmoja tu katika makala hii, kumbuka 1995. Mwezi wa nane Mabaharia walikuwa nyuma ya Angels kwa mechi 13. Wakaanza kushinda, Angels wakaanza kuanguka, wakamaliza wakiwa sawa na ikabidi wacheze mechi moja ya kuamua. Randy Johnson, mtupaji mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, akawamaliza 9-1. Ikawa mara ya kwanza timu kuingia hatua ya mtoano.

Wakakutana na Yankees. Wakafungwa mbili za kwanza New York, wakashinda mbili nyumbani. Mechi ya tano ilikuwa Jumapili, tarehe 8 Oktoba. Ikafika zamu ya 11, Yankees wanaongoza 5-4. Joey Cora akaugusa mpira kidogo tu akafika kituo cha kwanza. Ken Griffey Jr. akapiga, Cora akafika cha tatu. Akaja Edgar Martinez, akaupeleka mpira kwenye kona ya kushoto. Cora nyumbani, sare. Na nyuma yake Griffey anakuja mbio kutoka kituo cha kwanza, anateleza, nyumbani, 6-5. Wachezaji wenzake wakamrundikia pale chini na yeye yuko katikati anacheka.

Baba alikuwa kwenye foleni ya teksi uwanja wa ndege. Anasema madereva wote walitoka nje ya magari, Wahabeshi, Wasomali, Masingasinga wa Punjab, watu ambao hawakuwa na lugha moja, wakapiga honi mpaka polisi akaja kuuliza kuna nini. Polisi mwenyewe akaambiwa, naye akapiga honi.

Raundi iliyofuata Cleveland wakatutoa. Lakini Oktoba ile ndiyo iliyoibakisha timu hapa. Mwezi mmoja kabla, wapiga kura wa King County walikuwa wamekataa kwa tofauti ndogo kodi ya kujenga uwanja mpya. Baada ya Edgar, bunge la jimbo likatafuta njia nyingine ya fedha. Uwanja wa sasa, T-Mobile Park, ulifunguliwa Julai 1999, una paa linalofunguka na kufungwa. Kingdome ikalipuliwa mwaka 2000. Pale ilipokuwa sasa ni Lumen Field, ambako mwaka huu zitachezwa mechi za Kombe la Dunia. Ndiyo, Kombe la Dunia linakuja mlango wa pili, na baba yangu mtoto wa Tanga anauliza tu kama litaleta foleni siku za besiboli.

Mwakani

Baada ya hapo ni historia ya kuondokewa. Randy Johnson aliuzwa 1998, Griffey akaenda Cincinnati 2000, Alex Rodriguez akafuata fedha Texas. Kila mtu akasema tumekwisha. Mwaka 2001 akaja kijana kutoka Japani, Ichiro Suzuki, na timu ikashinda mechi 116 kati ya 162, ikaifikia rekodi iliyowekwa na Chicago Cubs mwaka 1906. Mechi 116! Oktoba ikafika, Yankees wakatutoa kwa mechi tano.

Nilikuwa na miaka minne. Siukumbuki mchezo. Nakumbuka baba akizima redio na kusema neno moja: "Mwakani."

Hiyo mwakani ilichukua miaka 21. Kuanzia 2002 hadi 2021 timu haikuingia hatua ya mtoano hata mara moja, hakuna timu nyingine ya michezo mikubwa minne ya Marekani iliyokuwa imekaa nje muda huo wote. Na kila msimu ulipoisha, baba alisema neno lilelile kwa sauti ileile.

Nilikuwa mkubwa tayari nilipogundua kwamba kuna jambo jingine alilolisemea hivyohivyo. "Mwakani tunarudi nyumbani." Alikuja kwa miaka miwili, atafute mtaji arudi. Kisha nikazaliwa mimi. Kisha mdogo wangu. Kisha ada. Nyumba ya Tanga ilijengwa kwa picha: picha ya msingi, picha ya kuta, miaka minne hakuna picha, kisha picha ya bati. Chini ya kitanda chao kulikuwa na sanduku la vitu vya kupeleka, na kila mwaka baadhi ya nguo zilitolewa kwa sababu waliokusudiwa wamekua hazitawaenea. Nadhani wengi wenu mnalijua sanduku hilo.

Katika miaka ile mibaya tulikuwa na vitu vidogo vya kutushikilia. Agosti 15, 2012, Félix Hernández aliwatoa wapigaji wote 27 wa Tampa Bay bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Nilimpigia bibi mwenyewe. "Bibi, leo wamekufa ishirini na saba, lakini ni wa kwao!" Akacheka, akasema, "Alhamdulillahi, sasa na mimi nimeanza kuuelewa mchezo wenu." Félix alikaa nasi misimu kumi na mitano na hakuwahi kutupa hata mpira mmoja wa mtoano. Juni 2019 akapanda Tayler Scott, mzaliwa wa Johannesburg, mtupaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika katika ligi kuu. Alicheza kwetu kidogo tu, lakini baba alimtangaza msikitini kama mtoto wa shangazi yake.

Karibu, karibu, karibu

Septemba 30, 2022, usiku, mechi sare, zamu ya tisa, mdakaji wetu Cal Raleigh akaingizwa kupiga na akaupeleka mpira nje ya uzio. Miaka 21 ikaisha kwa pigo moja. Wiki iliyofuata Toronto walikuwa wanaongoza 8-1, tukawashinda 10-9. Kisha Houston wakatutoa, mechi ya mwisho zamu 18, 1-0. Baba: "Mwakani."

Halafu ukaja mwaka jana. Jamani, 2025. Cal Raleigh alipiga homrani 60. Hakuna mdakaji aliyewahi kufika hapo, rekodi ya wadakaji ilikuwa 48. Rekodi ya Griffey ya timu yetu, 56, nayo ikapita. Homrani ya 60 aliipiga Septemba 24, usiku uleule tulipochukua ubingwa wa kundi la Magharibi kwa mara ya kwanza tangu 2001. Lakini ukimuuliza baba, atakwambia kuhusu Julai, yale mashindano ya kupiga homrani Atlanta. Raleigh alishinda huku anayemtupia mpira ni baba yake mzazi na anayedaka ni mdogo wake. Baba aliitazama ile video mara nyingi mpaka mama akamwuliza kama na yeye anataka kutupiwa kitu.

Kiangazi hichohicho Ichiro aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la besiboli, kura 393 kati ya 394. Miaka yote alikuwa anaongea na waandishi kupitia mkalimani. Siku ile alisoma hotuba yake yote kwa Kiingereza, kwa lafudhi yake, akachekesha watu. Baba akanigeukia. "Umeona? Miaka ishirini na nne, lafudhi haijaondoka, na hakuna aliyemcheka yeye, wamecheka alichosema." Kisha akaniambia: "Na wewe ukienda Tanga ongea tu." Kwa sababu anajua. Anajua kwamba nikifika kule nakaa kimya, binamu zangu wakinicheka ninavyosema "nimefika kituo cha tatu" nikimaanisha nakaribia kumaliza kazi.

Oktoba tukawatoa Detroit kwenye mechi ya tano, zamu 15, karibu saa tano nzima, Jorge Polanco akapiga la ushindi. Dhidi ya Toronto tukashinda mbili za kwanza kwao. Wakazisawazisha kwetu. Mechi ya tano Raleigh akasawazisha zamu ya nane, na muda mfupi baadaye Eugenio Suárez akapiga homrani vituo vyote vikiwa na watu, pointi nne kwa pigo moja. Tulikuwa uwanjani, baba na mimi. Mtu mmoja asiyetujua alimkumbatia baba akamnyanyua juu, mzee wa miaka 64, kofia ikaanguka.

Tulihitaji ushindi mmoja. Mechi ya sita tukafungwa. Ya saba, Jumatatu Oktoba 20, tulikuwa tunaongoza 3-1. Zamu ya saba, bado wapigaji wanane tu wafe tuingie World Series. George Springer akapiga, watu wawili wako vituoni. 4-3. Ikaishia hapo.

Nilikuwa nimeketi sakafuni nyumbani kwao Tukwila, namsubiri baba aseme neno lake. Hakulisema. Alizima televisheni, akakusanya vikombe vya chai, akaenda jikoni kuviosha. Nikamfuata. Akiwa amenipa mgongo akasema, "Mwanangu, mimi na mama yako tumekata shauri. Mwakani tunarudi." Nikafungua mdomo nicheke, nikaona mabega yake. Safari hii alikuwa anasema kweli.

Nilikasirika, siwafichi. Nikasema maneno ya kitoto: unaondokaje wakati ndio tumekaribia? Akakausha mikono. "Nilikuja kwa miaka miwili," akasema. "Hivi wewe unajua mchezo huu unakwendaje? Mtu anatoka nyumbani, anazunguka vituo vyote, na haihesabiwi mpaka arudi nyumbani." Kisha akanipa kitambaa nifute vikombe.

Je, mwaka huu?

Haya, tuzungumze mpira. Sababu za kutumaini ninazo.

Kwanza, watupaji. Logan Gilbert, George Kirby, Bryan Woo, Luis Castillo, Bryce Miller, na wa kufunga mlango mwishoni ni Andrés Muñoz. Mwaka jana baadhi yao waliumia wakakosa wiki nyingi na bado tulishinda mechi 90. Wakikaa wazima msimu wote, ni timu chache zitakazotaka kutuona Oktoba.

Pili, Josh Naylor amebaki, mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 92.5. Ni bonge la mtu, hana mbio, lakini mwaka jana aliiba vituo 30, yaani anakimbilia kituo cha mbele kabla mtupaji hajatahamaki. Baba anampenda kupita wote. Anasema ni kama mzee wa sokoni Ngamiani: unamwona amekaa tu, kumbe ndiye anayejua polisi wa jiji wako wapi.

Tatu, Julio Rodríguez ana miaka 25. Yeye ndiye aliyekuwa na gongo mkononi alipokufa mpigaji wa mwisho Toronto. Sijui wengine, lakini mimi nikiwa mtupaji sitaki kukutana naye mwaka huu.

Wasiwasi pia upo. Polanco amekwenda Mets, na yeye alitubeba sana. Na Raleigh, tuwe wakweli, mtu hapigi 60 kila mwaka. Mdakaji anachuchumaa zaidi ya mara mia kwa mechi, magoti hayo ni ya binadamu. Akipiga 40 tutashukuru. Houston hawapendi kukaa chini, na Toronto wenyewe wana hasira zao, maana walifika World Series wakafungwa na Dodgers kwenye mechi ya saba.

Utabiri wangu? Tunachukua kundi tena. Oktoba, Mungu anajua. Baba hatabiri. Ameandika tu kwenye kalenda ya jikoni siku za mechi za nyumbani anazotaka kwenda. Ameizungushia duara siku watakayostaafisha jezi namba 51 ya Randy Johnson, kama walivyomfanyia Ichiro mwaka jana. Siku ya ufunguzi tunapanda treni Tukwila, tunashuka kituo cha Stadium, mama atatufungia sambusa.

Kitu kilichokuwa kinaniuma hasa nilikuja kukielewa Ramadhani hii, tukiwa kwenye daku. Wala haikuwa timu. Mdogo wangu anaelewa Kiswahili lakini hajibu. Baba na mama wakiondoka, mimi nitazungumza na nani? Nitamwambia nani kwamba Julio amekufa kituo cha pili? Nikamwambia baba hivyo hivyo. Akafikiri kidogo, akachukua simu, akapiga hesabu. "Mechi ya saa moja usiku hapa," akasema, "Tanga ni saa kumi na moja alfajiri. Nikiswali tu, nakupigia. Mtandao wetu kule wa kusuasua, picha itakwama. Utanitangazia wewe."

Kwa hiyo msimu huu nafanya mazoezi. Nimeanza kumrekodi baba akitangaza zamu moja moja, kwa kipindi chetu cha mwezi ujao, mtamsikia wenyewe na vituo vyake na vifo vyake. Zamu ya pili ya kila mechi natangaza mimi na yeye anasahihisha. Jana amenikatiza mara nne, na ya mwisho ilikuwa kwa sababu nimesema mpira "ulienda mbali sana". "Mbali wapi?" akauliza. "Mimi niko Tanga, sioni. Niambie mbali wapi."

Nanyi tuandikieni: ni mchezo gani wazazi wenu waliujulia ugenini, na wanauita kwa maneno gani? Tutasoma majibu kwenye kipindi. Na tarehe ya tiketi za Novemba, ikiwa kuna yeyote ana sauti na Mabaharia, awaambie tu kwamba zimeshalipiwa, haziwezi kusogezwa.